Kadi Mbili kutoka Makambako

Nilinunua kadi ya sauti ya kompyuta ili nimshinde rafiki yangu. Sina njia nzuri zaidi ya kulisema, na nimechoka kulizungushia maneno.

Rafiki huyo alikuwa kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu hapa Njombe mjini, na mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya. Tumeimba pamoja tangu tukiwa wasichana. Yeye anakaa mtaa wa Ramadhani, mimi Mjimwema, na mashamba yetu ya viazi yamepakana. Sasa, mwaka ule sauti ya pili ilianza kufifia. Kila mazoezi nasimama mbele yao, sauti ya kwanza kushoto kwangu, sauti ya pili kulia, wanaume nyuma, na ule upande wa pili nasikia kama watu wanaosali kimoyomoyo. Nikawa nagonga meza. "Sauti ya pili, mmelala! Leo hamkula?" Wanaanza upya, nami nasikia yale yale. Mwisho nikamsimamisha rafiki yangu mbele ya kwaya nzima, wakwe zake wawili wakiwemo, nikamwambia akakae kwenye mabenchi mpaka atakapokumbuka kuimba.

Akachukua mkoba wake akaenda. Mimi nikaendelea na wimbo.

Ningependa kusema kwamba niliumia. Sikuumia. Mume wangu tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na tangu hapo mambo yote nilikuwa nayafanya kama mtu anayemenya viazi vya shughuli: unachukua kimoja, unamenya, unatupa kwenye sufuria, unachukua kingine. Wanawake wa sauti ya pili walinuna, wakapeleka malalamiko kwa wazee wa kanisa. Wazee wakaamua rafiki yangu arudi siku moja, aimbe, tunase sauti, kisha wao wakae wasikilize upande mmoja mmoja. Ikionekana haimbi, aondoke moja kwa moja. Ikionekana anaimba, mimi nimwombe radhi mbele ya watu. Thubutu, nilijisemea. Tukaazima kinasa sauti chenye maiki mbili, moja ikaelekea kushoto, moja kulia, tukanasa nyimbo tatu. Rafiki yangu alikuja, akaimba, akaondoka bila kuniaga. Wazee wakanipa wiki mbili niandae kila kitu.

Kompyuta yangu ya mezani, niliyoachiwa na binti yangu alipohamia Dodoma, ilikuwa haitoi sauti tangu radi ilipopiga jirani. Kila kitu kinafanya kazi, ila sauti hakuna. Fundi alinieleza kwamba sehemu ya sauti imeungua, lakini naweza kuchomeka kadi ya peke yake ndani ya boksi na mambo yakaenda. Nikapanda gari hadi Makambako, kwa bwana mmoja anayeuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika. Ni Muislamu kutoka Kondoa, mpole, hapandishi sauti hata mteja akimtukana. Nalijua hilo kwa sababu nilikuja kumtukana.

Kadi niliifunga mwenyewe. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, parafujo nne hazinishindi. Nilifungua boksi, nikapuliza vumbi, nikaichomeka kadi kwenye mfereji wake mpaka ikakaza, nikafunga, nikaweka ile programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Kwenye kioo ikaandika kwamba kifaa kiko tayari. Nikavaa hedifoni. Sikutaka spika, maana ukuta wangu na wa jirani ni mmoja na jirani ni wa sauti ya pili. Asingesikia ushahidi kabla ya wazee. Nikafungua wimbo wa kwanza.

Sauti ikaja kushoto tu. Sauti ya kwanza, safi kabisa, nikasikia hadi mmoja wao anavyovuta kamasi. Kulia, kimya.

Ala! Nikajua nimeuziwa kadi mbovu. Lakini mwalimu haondoki kwenye hesabu kabla ya kuhakiki. Nikachomoa waya wa hedifoni nikauchomeka tena, kwenye tundu la kijani, ndilo lake. Nikaangalia sehemu ya kupandisha sauti. Kushoto na kulia zilikuwa sawa. Nikaitoa kadi, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Nikafuta ile programu nikaiweka upya. Kuna mahali kwenye kompyuta pana picha ya spika mbili: ukibonyeza ya kushoto, inalia kushoto, ukibonyeza ya kulia, inalia kulia. Nikabonyeza ya kushoto, ikalia. Nikabonyeza ya kulia, picha ikatikisika, kwa kuiangalia ungesema inalia, na mimi sikusikia kitu. Siku tatu nilibonyeza picha ile. Nje ukungu unakuja unaondoka, chai inapoa mezani, nami nabonyeza.

Nikarudi Makambako na kadi nimeifunga kwenye kanga. "Umeniuzia nusu kadi," nilimwambia yule bwana mbele ya wateja. "Bei ulichukua nzima."

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikuitikia. Alibadilisha bila ubishi, akanipa nyingine, na kwa kuwa nilikuwa mkali akanipa na hedifoni mpya juu yake. Nikarudi nyumbani, nikafunga, nikasikiliza. Kushoto tu. Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya wazee kukaa. Safari hii nilibeba boksi zima la kompyuta na flashi yenye zile nyimbo tulizonasa, nikamwekea juu ya kaunta, nikamwambia leo sitoki mpaka kieleweke.

Akawasha. Akavaa hedifoni yeye mwenyewe, akabonyeza picha ya kushoto, akabonyeza ya kulia. "Zinalia zote, mama."

"Wewe unalinda biashara yako."

Akamwita mteja mmoja, dereva wa lori aliyekuwa akinunua chaja, akamvisha, akamfungulia wimbo. Dereva akasema zote zinalia, tena kulia wanaimba vizuri kuliko kushoto. Nikamwona naye mwongo. Nikazivaa, kimya kile kile. Yule bwana akaniangalia kidogo, kisha akasema taratibu, "Hebu zigeuze, mama. Ya kulia ivae kushoto."

"Zimeandikwa," nikamwonyesha herufi. "Kulia ni huku."

"Najua zimeandikwa. Geuza tu."

Siku zote zile sikuwa nimefikiria kugeuza. Mtoto akiandika jina upande usio wake mimi humrudishia daftari. Kitu kimeandikwa cha kulia, nakivaa kulia. Nikageuza. Kile kikombe cha hedifoni nilichosema ni kibovu kikaja kwenye sikio la kushoto, na kikaimba. Kile kizima kikaenda kulia, na kikanyamaza.

Nilikaa pale na mikono juu ya masikio. Yule bwana akaangalia pembeni. Kadi ilikuwa nzima, na ya kwanza nayo ilikuwa nzima.

Sikuvua. Kwenye sikio langu la kushoto sasa lilikuwa limekaa lile kundi nililolihukumu. Sauti ya pili walikuwa wanaimba. Rafiki yangu alikuwa mbele yao kama mtu anayevusha watoto mto, anashika noti, anawangoja, anasonga. Kisha nikasikia meza ikigongwa na mimi mwenyewe nikifoka: "Sauti ya pili, mmelala!" Na nyuma ya ukali wangu, karibu kabisa na maiki, rafiki yangu akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Msinune. Tuanze tena, mwalimu amesema." Wakaanza tena, vile vile, vizuri vile vile.

"Pole, mama," yule bwana akasema.

"Marahaba," nikamjibu. Ndilo lililotoka. Nikamwomba radhi pia, naye akakubali, akanifungia boksi langu kwa kamba.

Hospitali kesho yake walinithibitishia: sikio la kulia limekufa, polepole, labda kwa mwaka mzima, na halitarudi. Daktari aliniuliza kama sikuwahi kuona tofauti. Nikasema simu hushika kushoto. Nilikuwa sihisi kitu chochote mwilini, na sikio nalo nililiweka kwenye fungu hilo hilo. Nyani haoni kundule.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja Ramadhani. Nilimkuta rafiki yangu uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua mbegu za viazi. Tukasalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene, akanisogezea kigoda cha pili bila kutabasamu, nikajikuta nimekaa naye akiwa kulia kwangu.

"Nimekuja kukuambia kwamba ulikuwa unaimba," nilisema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa naimba."

"Sikio langu la kulia limekufa."

Hakuacha kuchambua. Alisema kitu, ikabidi nigeuze kichwa chote, akarudia. "Hilo nalo najua. Kwenye msiba wa mume wako nilikaa upande huo, nakuita, hugeuki. Nikadhani ni uchungu. Baadaye kwenye mazoezi nikaona si uchungu."

"Mwaka mzima unajua, na hukusema? Hata nilipokutoa mbele ya watu?"

"Ningesema kwa nani? Wazee wangekuondoa siku hiyo hiyo. Mwalimu wa kwaya asiyesikia, nani atamwacha? Mume huna. Shule umestaafu. Nikunyang'anye na kwaya?"

Hapo ndipo nilipolia. Kaburini sikulia, watu walisema nina moyo wa jiwe, na mimi niliamini. Sasa nililia juu ya mbegu za watu mpaka pua ikaziba, na nilikuwa na haya, na niliumia, kweli niliumia.

"Usinililie mimi," akasema. "Hasira yangu haijaisha. Ulinisimamisha mbele ya wakwe zangu, wewe! Mama mkwe mpaka leo ananiuliza nilikosa nini."

"Jumapili nitawaambia wote. Sikio, na wewe, na kila kitu. Kwaya waichukue."

"Sema. Nataka usikike mpaka benchi la mwisho."

Akainuka. Nilidhani anaingia ndani na mazungumzo yamekwisha. Akazunguka nyuma yangu, akabeba kigoda chake, akakiweka kushoto kwangu, akakaa.

"Haya," akasema. "Anza kunisomea hayo utakayowaambia."