Mama Imma na Chumba cha Kakamega

Kitengela, kuanzia stendi mpaka soko la mbuzi, watu walimwita Mbeke Mama Imma. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na kichinjio, akiuza githeri ya mahindi na maharagwe, supu na chai. Wachinjaji walikula kwake asubuhi, washonaji wa viwanda vya nguo vya Athi River walipita kwake jioni. Wengi wao hawakujua kwamba Imma hakutoka tumboni mwake.

Mbeke alikuwa mtu wa Mwala, Ukambani. Alikuja Kitengela na mumewe, Mbuvi. Mimba mbili zilitoka, ya tatu haikuja, na Mbuvi akaenda kufanya kazi Voi na hakurudi tena. Mwaka wa 1995 chumba kilichopakana na chake kwenye ploti ya nyumba za kupanga kilipangwa na msichana wa Kibukusu, mshonaji, jina lake Namalwa. Wakazoeana kwa kuombana chumvi na makaa. Namalwa alipojifungua mtoto ambaye baba yake alikuwa amehama bila kuaga, ni Mbeke aliyemshika mgongo. Mtoto akaitwa Immaculate.

Kabla mtoto hajaanza kutembea, habari zilikuja kutoka Bungoma kwamba baba yake Namalwa amefariki. Kwao hawakujua kama ana mtoto.

"Dada, baki na yeye nikazike baba," Namalwa alimwomba. "Nikitokea na mtoto kwa matanga, sijui nitasema nini. Nikirudi nitamchukua."

"Enda salama. Mtoto hawezi kunishinda."

Namalwa hakurudi. Mwanzoni alituma salamu na nguo kwa watu wa mabasi, kisha salamu zikakatika. Mbeke hakumlaumu. Kusema kweli, alianza kuogopa siku ambayo angerudi. Imma alikuwa amejifunza kutembea akishikilia benchi za kibanda. Alizungumza Kikamba cha Mwala, na kila asubuhi Kuntai, mama wa Kimaasai aliyewaletea maziwa, alipotokea, Imma alikimbia kumwinamishia kichwa aguswe utosini kama watoto wa Kimaasai. Wakati wa ukame mkubwa, ng'ombe walipopita barabarani mbavu nje wakitafuta nyasi za Nairobi, mtoto alilia kwa ajili yao mpaka Mbeke akampa karai la maji ampelekee ndama mmoja. Maji yenyewe yalikuwa ya kununua. Kuntai aliona, akasema, "Huyu umemlea wewe."

Januari 2005, mwanamke aliyevaa vizuri alisimama mlangoni mwa kibanda, na nyuma yake mwanamume mrefu aliyeshika kofia mkononi. Mbeke alimtambua mwanamke kwa macho yake. Aliweka mwiko chini.

"Dada," Namalwa alisema, akapiga magoti.

Ni mwanamume aliyeongea. Aliitwa Ouma, mwalimu wa sekondari huko Kakamega. Alikuwa amemwoa Namalwa miaka michache nyuma, na hivi karibuni tu mkewe alikuwa amemweleza yote.

"Mama, hatukukuja kukunyang'anya," alisema. "Lakini mtoto ana mama yake mzazi, na mimi niko tayari kuwa baba. Tukimwacha, tutamwambia nini akikua? Na wewe pia unaweza kuja. Kakamega ni mji mtulivu. Hakuna vumbi, mvua iko, watu wanakula githeri huko pia. Tutakutafutia chumba karibu."

Mbeke alitaka kuwafukuza. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini Ouma hakuwa mtu wa kutukanwa, na Namalwa alikuwa amepiga magoti kwenye majivu na gauni lake zuri, akilia bila sauti.

Shule zilipofungwa Aprili, Imma alienda. Alipanda basi akiwa ameahidiwa kwamba Mama atafuata, na kwa sababu hiyo hakulia. Mbeke naye aliamini atafuata. Irungu, aliyekuwa na duka la mkabala, alisema yuko tayari kukinunua kibanda wakati wowote. Kilichobaki ni uamuzi, na Mbeke aliuzungusha kichwani kila siku akichambua maharagwe. Kakamega hakuna mtu aliyemjua. Hakujua lugha yao. Lakini Kitengela, kila alipofungua chumba chake, kitanda kilikuwa kipana mno.

"Enda uangalie kwanza," Kuntai alimshauri. "Hata ng'ombe hawahamishwi kabla mtu hajaenda kuona nyasi."

Agosti akaenda. Mji ulikuwa vile vile Ouma alivyosema. Miti ilikuwa mikubwa, barabara zimefagiwa, na kila alasiri mvua ilinyesha kama mtu anayetimiza zamu yake kazini. Watu walitembea polepole na kuamkiana. Mbeke aliupenda mji ule, na jambo hilo lilimshangaza.

Imma alimkumbatia muda mrefu. Alikuwa ameongezeka urefu na kunenepa mashavu, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga ambaye Namalwa alimzalia Ouma, ambaye hakutaka kushikwa na mtu mwingine. Kufikia jioni Mbeke aligundua kwamba Imma hamwiti kwa jina lolote. Namalwa naye, Imma hakumwita kwa jina. Akitaka kitu, alimwendea mtu mpaka karibu ndipo aseme.

Asubuhi iliyofuata Mbeke, Namalwa na Imma walienda dukani. Mwenye duka akaita, "Mama Imma, sukari imefika!"

"Naleta mfuko," Mbeke alijibu, tayari amepiga hatua.

Mwenye duka alimtazama, akamtazama Namalwa. Namalwa aliinamisha uso. Imma aligeuka akasoma tangazo la sabuni ukutani kana kwamba lina habari muhimu.

Alasiri Ouma aliwapa funguo wakaone chumba, Mbeke na Imma peke yao. Kilikuwa chumba kizuri, sakafu ya saruji, dirisha linaloangalia mti wa parachichi. Mbeke alikuwa ameshapima kwa macho mahali pa kitanda na mahali pa jiko. Imma alikuwa amesimama mlangoni.

"Kinakufurahisha?" Mbeke alimuuliza kwa Kikamba.

Imma alijibu kwa Kiswahili. "Kiko sawa."

"Sema, mwanangu. Nini?"

Mtoto alikuna ukuta kwa ukucha. "Ukikuja kukaa hapa, nitakuwa nalala hapa. Najua tu. Nitataka kulala hapa kila siku."

"Sasa hiyo ni mbaya?"

"Yeye analia," Imma alisema. "Huwa anaingia bafu anafungulia maji analia. Mara ile nilimwambia nataka kurudi kwako alilia mpaka maziwa ya mtoto ikakauka." Akakuna ukuta tena. "Mimi nataka ukuje. Lakini sijui nitafanya aje."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Mbeke alimtazama mtoto wa miaka tisa aliyebebeshwa mzigo ambao watu wazima watatu hawakuweza kuuinua. Akashika goti lake, akakunja uso.

"Hata mimi nilikuwa nataka kukwambia," alisema. "Hii baridi ya huku itaniua. Tangu jana magoti yananiuma. Na wale wachinjaji, nani atawapikia? Irungu hajui hata kuchemsha maji. Mimi ni mtu wa jua, Imma. Nitakuwa nakuja tu kukutembelea."

"Kweli magoti inauma?"

"Sana."

Mabega ya mtoto yalishuka. Alipumua kwa nguvu, kisha akaja akamkalia Mbeke mapajani, mkubwa vile, akaanza kumweleza habari za shule, za rafiki yake mpya, za mwalimu anayeimba vibaya. Hakuwa ameongea hivyo tangu Mbeke afike. Mbeke alisema "enhe" na "kumbe," akimshika kichwa kifuani ili asimwone uso.

Aliporudi Kitengela alimwambia Irungu kibanda hakiuzwi. Kwa Kuntai hakuweza kudanganya. Walikaa kwenye benchi, maziwa yakipoa kwenye mtungi, na Kuntai alimwacha alie bila kumnyamazisha, wateja wakigeuzwa mlangoni kwa ishara ya mkono.

Imma alikuja Desemba ile, na nyingine moja. Baadaye likizo zilijaa masomo ya ziada, halafu akaingia shule ya bweni. Simu zilipoenea alipiga, mara nyingi Jumapili, sauti yake ikizidi kuwa ya watu wa Kakamega. Mbeke alihama ploti mwaka wa 2007, akapanga chumba kidogo zaidi upande wa pili wa barabara. Majirani wapya walipomuuliza jina, aliwaambia anaitwa Mbeke, akaendelea kuosha sufuria.