Fundi Aliyebanwa Kifua

Wanasema kizuri chajiuza. Sawa, lakini mimi sina subira ya kungoja majirani waje kumsifia mwanangu. Namsifu mwenyewe: binti yangu ni mwandishi wa hadithi, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda, vyote anatengeneza. Karakana aliachiwa na marehemu baba yake. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na huyu wangu alisana tangu hajamaliza shule. Ila moyo wake uko kwenye hadithi. Watu walipojua anaandika, basi tena! Kila mteja akawa na kisa. "Dada, andika maisha yangu, ni kitabu kizima!" Wanamsimulia kutwa, na bei ya geti bado wanataka ipunguzwe.

Akaandika visa viwili vya hao wateja, akampelekea Mhariri. Huyo ni mzee mstaafu aliyekuwa akisahihisha vitabu, na kila Jumamosi hukusanya wanaojifunza kuandika kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Vyote viwili vikarudi. "Watu wamo," mzee alimwambia, "lakini mtu simwoni."

Mwanangu akaja nyumbani uso umemshuka. "Mama, nikiandika ya tatu nayo ikirudi, naacha. Nitabaki na vyuma vyangu."

Moyo ulinipasuka paa. Huyu akisema ataacha, anaacha kweli, kwa ukaidi ni baba yake mtupu. Na asipoandika hakai na mtu vizuri, nyumba nzima tunakiona cha moto.

"Rudi kamwulize hadithi hutoka wapi," nikamwambia. "Kukosolewa bila kuelekezwa ni matusi tu."

Akaenda. Mzee akamjibu, "Mwanangu, acha kuzitafuta. Ukiwa peke yako unaosha vyombo, huwa unagombana na nani kichwani? Hapo ndipo uchimbe."

Haikupita wiki nikamsikia jikoni anaifokea sufuria. Nikachungulia. "We, unagombana na nani?" Akacheka peke yake, akaenda kuandika na povu bado liko mikononi. Chakula cha usiku nilipika mimi, na hata sikulalamika.

Jumamosi nikamsindikiza, mjukuu wangu Kibonge akiwa amepitiwa na usingizi mgongoni kwangu. Mwanangu akasimama kusoma.

Hadithi ilikuwa hivi. Fundi mmoja anamalizia geti la mteja msumbufu. Kifua kinambana. Kila akiinama anakaza meno kwa maumivu. Mteja anaona kasoro hapa, mara pale, na fundi anazidi kutazama jua linavyoshuka.

"Jamaa ana ugonjwa wa moyo huyo," akanong'ona mmoja wa wasikilizaji.

"Moyo wapi! Kiu hiyo, anawahi kilabuni," akadakia mwingine, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Huruma ilishaniingia. Jamani, nikasema kimoyomoyo, baba wa watu atatufia hapo kwenye geti.

Geti likaisha. Fundi akakimbia njia nzima mpaka nyumbani, akampokea mtoto mikononi mwa bibi yake, akafungua vifungo vya shati lenye matundu ya cheche, akamnyonyesha.

Mhariri akavua miwani. "Ngoja kwanza. Ni wapi ulipoandika kwamba ni mwanamume?"

"Sikuandika, mzee. Mlisema nyinyi."

Ehe! Ungesikia makofi. Mzee naye akapiga meza kwa kiganja. "Leo mtu nimemwona! Hii hairudi, inaingia kwenye kitabu cha hadithi za kundi letu. Na ya nne naitaka."

"Huyo ni wangu!" nikapaza sauti. "Nimemzaa mimi!" Hakuna aliyeniuliza, wala sijuti. Kibonge akashtuka, akaangua kilio, mama yake akaja kumchukua huku anafuta macho.

Njiani akaniuliza, "Mama, wewe ulijua mapema, au sio?"

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Mwanangu, mimi nilimwona baba yako. Kofia yake ya kuchomelea, mgongo wake, kila kitu."

Akasimama palepale. "Mama! Na jioni zote zile, aliyekuwa ananikabidhi mtoto mlangoni ni nani?"

"Mimi."

"Huku mtoto analia njaa?"

"Analia, ndiyo."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega, ingawa machozi yangu si yote yalikuwa ya kicheko. Miaka yote nyumbani nimemwita kwa jina lake la utotoni. Sasa hivi nikisimama mlangoni kumwita, tena kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, namwita Fundi.