Ekskaveta Iliyochoka Kila Mchana

Tarehe 9 Februari 1998 nilimpoteza kaka yangu Ouma. Alikuwa fundi wa mashine nzito hapa Homa Bay, na mimi, niliyeishia darasa la nane, nilikuwa mtu wa kumpa spana. Aliacha daftari lenye namba za hitilafu za injini za Kijapani, alizonakili kwa mkono wake. Wiki tatu baada ya mazishi ikaja barua kutoka Migori, imeandikwa kwake. Mzee Okeyo, mfanyabiashara, alikuwa na ekskaveta kuukuu iliyokuwa ikichimba bwawa la maji upande wa Wakuria, nayo ilikuwa ikipoteza nguvu. Sikuona vyema kumjibu tu kwamba Ouma hayupo, iishie hapo. Nikaenda.

Alhamisi asubuhi nilipata nafasi kwenye lori lililobeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba. Tulipita Asumbi, tukashika Rongo, barabara bado ikiwa na mashimo ya mvua za El Nino. Daftari nililitia ndani ya shati. Kila lori liliposimama nililifungua na kusoma ukurasa mmoja.

Migori, alasiri. Okeyo alinipokea kwa pikapu yake. Kabla sijapanda nilimwambia kwamba Ouma amefariki na kwamba mimi si Ouma. Alivua kofia. Kisha akanieleza kuwa mafundi wawili wameshakuja na hawakuona kitu. Alimshuku opareta wake, Marwa: kila siku ikifika saa saba mashine inachoka, na Marwa anakwenda kulala kivulini.

"Ukikuta ni yeye, omera, ndugu yangu, niambie wazi," akasema.

Ijumaa saa moja asubuhi tulikuwa bwawani. Marwa alikuja akisukuma betri ya mashine kwenye wilbaro. Huko hakuna anayeacha betri ilale kwenye mashine. Mbili zilikuwa zimeshaibwa, na hii ikifika nyumbani kwake inawasha redio. Nilimsaidia kuifunga, kisha nikafungua swichi. Katika mashine ile, taa moja kwenye dashibodi huwaka na kuzima pakiwa na hitilafu. Miwako mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. Ukihesabu unapata namba ya sensa, yaani kihisi, chenye shida. Taa haikuwaka. Marwa alisema huwaka mchana, ameiona kwa macho yake. Niliwasha injini, ikanguruma vizuri nusu saa nzima. Nikanyoosha mkono nyuma niombe bisibisi, kama Ouma alivyokuwa akifanya, na hapakuwa na mtu. Baada ya hapo nilitaka kumaliza niondoke. Nikamwambia Okeyo, mbele ya vibarua wote, kwamba mashine haina hitilafu, maneno ya Marwa si kweli.

Marwa alifutwa kazi palepale. Aliniangalia.

"Nyinyi wote ni mafundi wa asubuhi," akasema.

Vibarua wakacheka. Mmoja akamuuliza atalala kivuli cha nani sasa.

Jumamosi, nyumbani kwa Okeyo. Yeye ni Msabato, na betri ya pikapu ilikuwa imelala sebuleni ikiwasha taa ya ibada. Asubuhi aliirudisha ndani ya gari ili twende kanisani. Saa ya redio ya gari ikawa inawakawaka kwenye 12:00, naye akairekebisha kwa kutazama saa yake ya mkononi. Akaniambia, bila kuwaza, kwamba ukiitoa betri usiku mmoja tu, redio hiyo inasahau kila kitu.

Niliyageuza maneno hayo kichwani hadi tukaona lango la kanisa. Hapo nikamweleza. Mashine nayo huweka namba zake za hitilafu kwa nguvu ya betri. Marwa alipoitoa jioni, ilisahau. Sisi mafundi watatu tulifika asubuhi, tukaiuliza mashine isiyokumbuka.

"Leo hatugusi kazi," Okeyo akasema.

"Sitagusa mashine, mzee. Nimemsingizia mtu."

Aliangalia usukani. "Hiyo si kazi," akasema, akageuza gari.

Tulimkuta Marwa nyumbani kwake akifunga nguo zake. Alikuwa anavuka mpaka kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu. Nilimweleza kosa langu pale jikoni, nikamwomba radhi. Mke wake, Robi, akasema afadhali huyu fundi amekuja mchana. Marwa hakucheka.

"Ulinisema mbele ya watu," akaniambia. "Sasa unaniomba radhi jikoni?"

Hata hivyo aliahidi kuja.

Jumapili alichimba tangu asubuhi. Saa saba na kitu sauti ya injini ikashuka, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Niliihesabu mara tatu, kwa sababu sikuamini hesabu yangu. Daftari lilisema: sensa ya mwendo wa injini. Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Nyuma ya injini niliona waya wake umesuguliwa na chuma hadi plastiki ikaisha. Ukipata moto na mtikisiko, shaba ndani inaachana. Nilikata, nikaunga, nikaufunga mbali na chuma. Nadhani Ouma angeufunga vizuri zaidi.

Saa kumi injini bado ilikuwa na nguvu. Marwa aliizima, akabaki kitini, mlango wazi. Okeyo akamwambia kazi yake ipo. Marwa alikuwa ananitazama mimi.

Nilichojifunza safari ile ni kidogo. Ijumaa ningesema "hitilafu sijaiona", mtu asingefunga nguo zake. Nilisema "haipo".

Nilipanda juu ya mnyororo wa ekskaveta ili hata vibarua wa nyuma wanisikie.

"Juzi nilisema maneno ya Marwa si kweli," nikasema. "Yalikuwa kweli. Mimi ndiye sikungoja."

Hakuna aliyecheka. Marwa alivuta mlango nusu.

"Shuka basi, fundi," akasema. "Nikiwasha nitakusaga."

Nikashuka, naye akawasha injini.