Mwana wa Inzi Mgongoni mwa Mjukuu Wangu

Inzi wa hapa Likoni nawajua tangu nina meno yangu yote. Yuko wa kijani, ang'aa kama nguo ya bi harusi, huyo kazi yake samaki. Yuko wa buluu, mnene, akiingia nyumbani ni vuuu! vuuu! kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Lakini fundi wao ni yule wa manjano, rangi ya chai ya maziwa. Huyo hana kelele. Akija hujui, akenda hujui.

Miaka hiyo ya themanini binti yangu alikuja kujifungua kwangu, mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi, akae mpaka arubaini. Mamake mumewe alikaa Kisauni, na kila wiki alikuja kutukagua. Sauti yake yatoka puani, mpaka leo naiiga watu wakashika mbavu: "Mkweee! Nepi za mtoto mwazianika mbele ya njia? Kila apitaye azitie mato? Hamuogopi kijicho?"

Akazibeba mwenyewe mpaka uwani, akazitandaza kivulini, juu ya majani mabichi, nyuma ya choo. Akasema zianikwe papo hapo siku zote.

Basi mato ya watu hayakuziona, wallahi. Inzi akaziona.

Haukupita muda mrefu, mtoto akaota majipu mgongoni, hapo alazwapo juu ya nepi. Alia, hanyonyi, ukimlaza chali ndio huzidi. Bi mkwe alipokuja akamvua kishati, akapiga ukemi: "Si nilisema! Nyumba hii ina watu wabaya! Leo nawachukua, mama na mwana, waende kwangu wakasomewe."

Binti yangu akanishika leso kwa nyuma kama alipokuwa mdogo. "Mama, usinitoe. Arubaini haijesha."

Kutolewa kwa mamako kabla ya arubaini ni fedheha, tena kwa sababu ya husuda! Mtaa mzima ungesema mimi ndiye mchawi.

"Mkwe," nikamwambia, "funga buibui lako, lakini ningoje nimtazame mjukuu wangu."

Nikamlaza mapajani. Kila jipu lina kitundu katikati, na kitunduni kitu chachezacheza. Nikacheka. Bi mkwe akaniuliza, "Wacheka nini, we mwanamke?" Nilikuwa nimekumbuka utotoni, shamba, nyanya akiwatoa mbwa wa mlinzi vitu hivyo hivyo. Nikapaka mafuta ya nazi mazito, nikaziba kila kitundu, nikangoja. Yule wa ndani apumua kwa kitundu hicho. Ukimziba, atoka mwenyewe kutafuta pumzi. Kweli akachungulia. Nikabana pole pole kwa vidole viwili, tup! Funza mweupe, kanona kuliko mjukuu mwenyewe.

Nikamweka kiganjani, nikamsogezea bi mkwe. "Mkwe, kijicho chenyewe hiki. Mpe mkono."

Akaruka hatua, puani akasema, "Audhubillahi!"

Nikamweleza. Yule mama wa manjano hutaga kwenye nguo ya kivulini, penye unyevu, penye harufu ya mtu, na mwanawe huingia ngozini. Jua halitaki, na pasi ya moto huyaua mayai yake. Hana maziwa, hana nyumba, hana wa kumkanda tumbo, lakini amtafutia mwanawe mahali pa joto, penye chakula na mlango wa kupumulia, kisha aenda zake. Mimi nilizaa mara sita na sikuwahi kumlaza mwanangu pazuri hivyo.

"Na pahali," nikasema, "ulimtandikia wewe."

 Nilipomaliza kuwatoa wote, mtoto akashika ziwa, akanyonya mpaka akalala. Tukamtazama sote watatu.

Kisha bi mkwe akafungua buibui, akakaa kwenye mkeka. Nikadhani ataka maji.

"Hiyo pasi yako ya makaa," akasema, "iko wapi?"

Akapiga pasi nepi zote, ndani na nje, jasho lamtoka. Akapiga na leso za binti yangu. Akapiga na taulo yangu ya kuogea. Jioni akarudi Kisauni peke yake, na mlangoni akageuka: "Mkweee! Kesho anika juani. Hapo mbele ya njia."