Dari la Mama na Ndege za Buterere

Mama yangu anakaa Buterere, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ya bati. Zamani kila ndege ilipopita, vikombe viligongana kabatini na mama alinyamaza katikati ya maneno, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia.

Dada yangu alipojifungua Nairobi, nilimpeleka mama kumwona mjukuu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kabla hatujayapita mawingu alikuwa ameshabandika sikio ukutani, akishangaa kwamba mle ndani kulikuwa kimya kuliko sebuleni kwake. Pembeni yangu alikaa fundi wa ndege aliyekuwa anarudi kazini. Mama akamuuliza ukuta ule umejazwa nini.

Fundi alimweleza kwa upole kwamba ganda la nje ni bati jembamba tu, limepigiliwa kwenye mbavu za fremu yake. Kelele ya nje hulitetemesha, nalo hutetemesha hewa ya ndani. Ndiyo maana huwekwa kitu laini kama sufi, halafu ukuta wa pili wa plastiki. Mama akauliza kama mtetemo haupiti kwenye zile mbavu hadi ukuta wa pili. Fundi akacheka, akasema unapita, na kwa hiyo ukuta ule hushikizwa kwa vipande vya mpira.

"Basi, mupira mi niko nayo," mama akasema.

Tuliporudi alinituma mtaa wa maduka wa Asiatique nikamnunulie sponji za godoro, mwenyewe akabaki anakatakata mipira ya baiskeli. Seremala aliyemwita kuweka dari alitaka kulipigilia moja kwa moja kwenye boriti. Mama alisimama chini ya ngazi.

"Apana. We ukipiga musumari pale, kelele itashukia kwa ule musumari. Weka mupira kwanza."

Nilimwonea huruma seremala. Lakini Jumapili, dari likiwa tayari na sponji juu yake, ndege ilipita, vikombe vikatulia, tukasikia mvumo wa mbali tu. Majirani walijaa sebuleni kungojea ndege ya pili, wakanywa chai yote. Ndege ikachelewa. Tulipofungua mlango kuwasindikiza, ua mzima ulikuwa maji. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na hakuna aliyeisikia, na mashuka ya mama yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, yakichuruzika.

Mama alitoka akaanza kuyaanua.

"Sasa mi nitajua mvua namna gani?"

Kesho yake alimwita tena seremala, akamwagiza aondoe sponji upande wa jikoni tu.