Nyapara Aliyeomba

Mimi sipendi kufokewa. Ndiyo maana miaka ile ya hamsini, nilipokuwa nikifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, nilifurahi nyapara wetu alipohamishiwa kundi lingine. Alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani, na hata maji tuliyanywa kwa amri yake.

Mwenzangu wa kutoboa matundu ya baruti, mzee wa Kisukuma, mpole kuliko sote, alihuzunika. "Yule akifoka, najua nisimame wapi," aliniambia. Nikamcheka.

Nyapara mpya alikuwa kijana wa rika la kitinda mimba wa mzee huyo, mwenye adabu zake. Kila jambo alituuliza: tuanzie wapi, tupumzike saa ngapi. Nikasema moyoni, sasa tumepata mtu. Mzee yeye alizidi kukosa raha. Akiulizwa, anasema nyapara ndiye ajuaye.

Asubuhi moja magogo yaliyoshikilia mwamba yakaanza kulia. Kijana akagonga juu kwa mtaimbo, na badala ya mlio mkavu ikajibu sauti ya mtungi mtupu, dalili ya mwamba uliolegea. Hata kabla hajatuambia kitu, mimi nilikwisha kurudi nyuma. Mzee aliendelea kutoboa.

"Shikamoo, baba," kijana akasema. "Naomba tusogee kidogo. Au unaonaje?"

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ngoja nimalize tundu hili."

Kwa mzee, ombi la mtoto ni ombi tu, linaweza kusubiri. Changarawe zikaanza kumdondokea kofiani. Nikamwita, hakugeuka, mimi si nyapara. Damu ikanichemka.

"Mpe amri!" nikamfokea kijana.

Akanigeukia. "Ni sawa na baba yangu. Nimpeje amri?"

Likaanguka jiwe la ukubwa wa ngumi.

"We! Toka!" kijana akapiga ukelele.

Mzee akatupa chombo, akakimbia. Mwamba ukashuka palepale alipokuwa amesimama.

Tulipofika juu, kijana akapiga magoti mbele yake huku analia, akimtaka radhi kwa kumkosea adabu. Nilitamani kuwazaba makofi wote wawili.

"Usiniombe radhi," mzee akasema. "Niambie kesho nisimame wapi."

Kijana akafuta machozi, akafikiri.

"Wewe mwenyewe ungependa wapi, baba?"

Mzee akavua kofia ya kazi, akamwekea mkononi, akashika njia ya kwao.