Didas wa Ndani ya Gemu

Saa nane mchana, Tandika, Temeke. Katika chumba cha mbele cha Somoe Khalfani, watoto wamebanana mkekani, macho yote kwenye tivii moja. Mpiganaji wa bukta nyekundu anaanguka. Chumba kizima kinapaza sauti: "Amka, Didas!" Naye anaamka.

"Umeona?" Somoe anamwambia mwandishi, akicheka. "Ukimwita, hafi."

Somoe (38) anachezesha gemu kwa shilingi hamsini tangu mwaka 1993, alipopunguzwa kazi kiwandani. Mashine imechakaa, na mtaa wa pili kuna jamaa kaleta mpya. Kinachombakishia wateja ni Didas.

Jina hilo halimo kwenye mchezo. Didas alikuwa kijana wa mtaani, mtoto wa mchonga vinyago, kwenye gemu hashindiki. Mwaka 1994 wazazi wake walirudi Masasi, naye akaondoka bila kuaga. Watoto wakaamua: kaingia kwenye gemu, ndiye yule wa bukta nyekundu. Hadithi ikavuka hadi Mbagala, ikapokewa na wadogo ambao hawakuwahi kumwona.

"Mie sikuwakatalia," anasema Somoe. "Ndiyo inayonilisha."

Mwezi uliopita, baada ya miaka minne, Didas akatokea mlangoni, ndevu zimeota. "Shikamoo, anti." Somoe akaukumbuka uongo wake. Njia ya mwongo fupi.

Kijana akaketi, akamchagua wa bukta nyekundu, akachapwa na Hija, binti wa miaka kumi. Watoto wakaangua kicheko.

"Braza, wewe siyo Didas. Didas hapigwi!"

"Mie ndiyo Didas! Muulizeni anti."

Wakamgeukia Somoe. "Nikisema kweli, biashara imekufa," anakumbuka. "Nikisema uongo, nimemzika mtoto wa watu naye kanikalia mbele." Akasema kweli: ndiye huyu.

Hija akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Anti, umemfananisha."

Biashara ikapona. Aliyeumia ni Didas. Hata hivyo kila Jumamosi anakuja, anapanga foleni, analipa. Bukta nyekundu hapewi. Anaambiwa ajifunze kwanza na yule mpiganaji kibonge asiyetakwa na mtu.

Somoe anadunduliza anunue mashine mpya. Lakini akiulizwa anachokitamani hasa, anashusha sauti watoto wasisikie.

"Natamani siku moja yule kijana ampige Didas wa kwenye gemu, wamwamini. Wateja watakimbia, najua. Lakini amerudi Tandika, mwenzangu, na mpaka leo hakuna aliyempokea."